Mtakatifu Thomas More: Spika Aliyeomba Watu Waruhusiwe Kusema



Kila tarehe 22 Juni Kanisa linawakumbuka mashahidi wawili wa Uingereza: Mtakatifu Yohane Fisher, aliyekuwa askofu, na Mtakatifu Thomas More, mlei, mwanasheria na baba wa familia. Ukimuuliza kijana Mkatoliki kuhusu More, akijua sana atakwambia alikatwa kichwa kwa sababu ya ndoa ya mfalme. Ni kweli, lakini hiyo ni sehemu ndogo tu ya habari. Kabla ya kufa kwa ajili ya dhamiri yake mwenyewe, More alishasimama mbele ya mfalme huyohuyo kuomba kitu kwa ajili ya dhamiri za wengine: kwamba watu walioitwa kushauriana mambo ya nchi waruhusiwe kusema bila woga. Leo tumfahamu kwa upande huo.

Kijana asiyejua aende wapi

Thomas alizaliwa London mwaka 1478. Baba yake, John More, alikuwa mwanasheria, na baadaye akawa hakimu. Thomas alipofika kama miaka 12 alipelekwa kutumika nyumbani kwa Askofu Mkuu John Morton wa Canterbury, aliyekuwa pia Chansela wa ufalme. Pale mezani, akipeleka sahani na kuondoa vikombe, alisikia wakubwa wakizungumza habari za nchi. Baadaye alisoma Oxford kama miaka miwili, halafu akarudi London kusomea sheria.

Hapa kuna jambo litakalowagusa wale wanaotafuta wito wao. Akiwa kijana, More alikaa miaka kama minne jirani na watawa Wakartusi wa London, akisali pamoja nao bila kuweka nadhiri. Aliutazama utawa na upadre kwa makini kabisa. Mwishoni akatambua kwamba Mungu anamwita kwenye ndoa na kazi za dunia. Lakini hakuuacha utawa wote mlangoni: maisha yake yote aliendelea kuamka mapema kusali, na chini ya nguo zake nzuri alivaa shati gumu la singa lililomkwaruza ngozi, kama malipizi ya siri.

Alimwoa Jane Colt, wakapata watoto wanne. Jane alipofariki mwaka 1511, More alimwoa mjane aitwaye Alice Middleton. Mabinti zake aliwasomesha Kilatini na Kigiriki sawasawa na mtoto wa kiume, jambo ambalo wakati ule lilikuwa nadra sana. Margaret, binti yake mkubwa, alifikia hatua ya kutafsiri kwa Kiingereza kitabu cha rafiki yao Erasmus kuhusu sala ya Baba Yetu. Yaani nyumba ya More ilikuwa nyumba ambayo hata msichana aliulizwa anafikiri nini.

Mbunge mdogo na hasira ya mfalme

Mkwe wake, William Roper, aliyeandika habari za maisha yake, anasimulia kisa cha mwaka 1504. Mfalme Henry VII alitaka Bunge limpe fedha nyingi. More, kijana wa miaka 26 hivi, alisimama akapinga kwa hoja, na mfalme akapata pungufu ya alichotaka. Mfalme alipoambiwa kwamba kijana asiye na ndevu ndiye aliyeharibu mpango, alikasirika. Kumkamata Thomas hakukuwa na faida, maana hakuwa na mali. Basi ukatafutwa ugomvi na baba yake, mzee John, akafungwa mpaka alipolipa faini ya paundi 100.

Tafakari kidogo hapo. Unasema ukweli kwenye kikao, anayeumia ni mzazi wako. Tangu mapema More alijua bei ya maneno.

Kisiwa kisichokuwepo

Mwaka 1516 alichapisha kwa Kilatini kitabu chake maarufu, Utopia, kuhusu kisiwa cha kubuni. Sehemu ya kwanza ina mjadala ambao sisi tunaosoma falsafa hatuchoki kuurudia: je, mtu mwenye hekima aingie kwenye baraza la mfalme? Msafiri mmoja kitabuni anasema haina maana, kwa sababu mabaraza ya wafalme yamejaa wanaosifia kila kitu. More, aliyejiweka mwenyewe ndani ya kitabu, anamjibu kwamba baharia haachi chombo eti kwa sababu hawezi kuuzuia upepo. Kama huwezi kuleta mema yote, basi jitahidi mabaya yapungue.

Sehemu ya pili inaeleza jinsi watu wa kisiwa hicho wanavyoshauriana. Kila familia 30 humchagua kiongozi wao wa mwaka. Katika baraza, jambo halijadiliwi siku ileile lilipoletwa. Linaachwa mpaka kikao kinachofuata. Kwa nini? Kwa sababu mtu akishatoa maoni ya haraka, ataona aibu kuyabadilisha, na kuanzia hapo ataitetea heshima yake badala ya manufaa ya wote. Tena, kuyapanga mambo ya umma nje ya baraza lililowekwa ni kosa la kifo, ili mtawala na wakubwa wachache wasije wakala njama na kuwakandamiza watu.

Si lazima tukubaliane na kila sheria ya kisiwa kile. Hata More mwenyewe aliandika kwa utani mwingi. Ila wahenga wetu wangemwelewa mara moja: penye wengi hapaharibiki neno. More aliongeza tu kwamba hao wengi wapewe muda, na wapewe nafasi ya wazi.

Spika wa mwaka 1523

Baada ya kitabu hicho More aliingia kweli kwenye baraza la Mfalme Henry VIII. Mwaka 1523 akawa Spika wa baraza la Bunge lililowakilisha miji na wilaya, tofauti na lile la mabwana na maaskofu. Spika wa enzi hizo, kwa vitendo, alikuwa mtu wa mfalme. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kodi inapita.

More alianza kwa kuomba. Alimwomba mfalme kwamba kila mbunge aruhusiwe kusema yaliyo moyoni mwake bila kuogopa kwamba maneno yake yatachukuliwa vibaya. Wanahistoria wanalihesabu ombi hilo kuwa miongoni mwa maombi ya mwanzo kabisa ya uhuru wa kusema bungeni. Na angalia hoja zake zilivyo za kibinadamu. Si kila mwenye akili ni msemaji mzuri. Mwingine anashikwa na joto la mjadala, anatoa maneno ambayo baadaye angetamani kuyarudisha, na bado nia yake ilikuwa njema. Sasa kama kila mmoja atakaa akihesabu hatari ya kila neno, mfalme atakosa ushauri uleule aliowaitia. Yaani woga wa raia ni hasara ya mtawala.

Haikuchukua muda ombi hilo likapimwa. Kardinali Wolsey, Chansela na mtu mwenye nguvu kuliko wote baada ya mfalme, alitaka paundi 800,000 kwa ajili ya vita na Ufaransa. Alikuwa pia analalamika kwamba yanayosemwa bungeni yanafika mpaka vilabu vya pombe. Akaja mwenyewe na msafara wake wote ili awabane wabunge. More alishauri aachwe aingie na watu wake wote. Maneno yakivuja tena, lawama zisiwe za wabunge peke yao! Wolsey akahutubia, kisha akauliza majibu. Kimya. Akamgeukia mmoja mmoja kwa jina. Kimya. Ndipo More akapiga magoti na kueleza kwa heshima kwamba si desturi ya baraza lile kujibizana namna hiyo na mgeni, hata awe mkubwa kiasi gani. Wolsey akaondoka amekasirika.

Tusimfanye More kuwa mpinzani wa serikali. Baadaye alisaidia kodi ipatikane, ingawa ikawa pungufu ya ile iliyotakiwa. Alikuwa mtumishi mwaminifu wa mfalme. Ila aliamini kwamba hata mfalme akipata anachotaka, akipate baada ya watu kujadili, si baada ya watu kutishwa.

Bunge lililobaki na umbo tu

Mwaka 1529 Wolsey alianguka, na More akawa Chansela, cheo ambacho kwa muda mrefu kilishikwa zaidi na maaskofu. Wakati huo Henry alikuwa anataka ndoa yake na Malkia Catherine wa Aragon itangazwe batili ili amwoe Anne Boleyn. Alijua More hakubaliani naye, na alimwahidi kutoisumbua dhamiri yake.

Hapa lazima tuseme na upande mgumu. More, aliyeomba uhuru wa kusema kwa wabunge, hakuutoa kwa wale walioitwa wazushi. Aliandika dhidi yao kwa ukali, na katika kipindi cha uchansela wake watu sita walichomwa moto kwa kosa la uzushi. Papa Yohane Paulo II, katika barua aliyomtangaza kuwa msimamizi wa viongozi wa serikali na wanasiasa mwaka 2000, hakulificha hilo. Alikiri kwamba katika jambo hilo More alibeba mipaka ya utamaduni wa nyakati zake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulishatufundisha mwaka 1965 kwamba kila mtu ana haki ya kutolazimishwa katika mambo ya dini. Mtakatifu si malaika. Tunamheshimu bila kufunika macho.

Sasa tazama Henry alivyofanya kazi. Hakulifunga Bunge. Bunge lile liliketi kwa vipindi kuanzia 1529 hadi 1536, na karibu kila jambo alilifanya kwa sheria iliyopitishwa humo. Mwaka 1532, muswada wa kupunguza malipo kwa Papa uliposuasua, mfalme alifika mwenyewe, na wabunge wakatakiwa kujigawa: wanaokubali upande huu, wanaokataa upande ule, mbele ya macho yake. Fikiria umesimama hapo, familia yako iko nyumbani, na mfalme anakuangalia unaelekea upande gani. Baadhi waliokuwa wanapinga walivuka. Kikao kilikuwepo, hoja ilikuwepo, kura ilikuwepo. Kilichokosekana ni kile More alichoomba mwaka 1523.

Mei 1532 maaskofu na mapadre wa Uingereza walikubali kwamba sheria zao zitategemea ridhaa ya mfalme. Kesho yake More akarudisha muhuri wa uchansela.

Mapato yakashuka vibaya. Roper anasimulia kwamba More aliwaita watoto wake kikao, akawauliza washauri jinsi ya kuishi sasa. Wakakaa kimya. Ndipo akawapangia kwa utani: tutashuka chakula ngazi kwa ngazi, na tukishindwa kabisa, tutachukua mifuko yetu tuende mlango kwa mlango kuomba, tukiimba Salve Regina kwa pamoja. Hata katika kufilisika aliuliza kwanza watu wa nyumbani wanasemaje.

Kimya kingi

Mwaka 1534 ilitoka sheria ya urithi wa ufalme, na kila mtu akatakiwa kuapa. Tarehe 13 Aprili More aliitwa Lambeth. Alitofautisha mambo mawili kwa umakini wa kisheria. Nani arithi kiti cha enzi, alisema Bunge lina uwezo wa kuamua, na hilo yuko tayari kuliapia. Lakini maneno ya kiapo yalikwenda mbali zaidi, yakigusa ndoa na mamlaka ya Papa. Hayo hakuweza. Hakumlaumu yeyote aliyeapa. Na karibu wote waliapa, maaskofu pia, isipokuwa Yohane Fisher wa Rochester. Hata Margaret mpenzi wake aliapa, akiongeza sharti la kadiri sheria ya Mungu inavyoruhusu, na akajaribu kumshawishi baba yake.

Tarehe 17 Aprili alifungwa katika Tower of London. Mkewe Alice alikuja kumshangaa, kwa nini akae na panya wakati ana nyumba nzuri Chelsea. More alimuuliza kama nyumba hii si karibu na mbingu sawa na ile. Aliandika vitabu vya kiroho, na aliponyimwa kalamu, alimwandikia Margaret kwa kipande cha mkaa.

Wakati huohuo sheria zikakazwa. Mfalme alitangazwa mkuu wa Kanisa la Uingereza, na kuanzia Februari 1535 hata maneno ya nia mbaya dhidi ya vyeo vyake yakawa uhaini. More akachagua kutosema lolote kuhusu cheo hicho, si kwa kukubali wala kwa kukataa. Sheria inaadhibu maneno na matendo, haiadhibu kimya. Lakini Waswahili husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Ulaya nzima iliusikia mshindo wa kimya cha Thomas More, na mfalme ndiye uliyemsumbua zaidi.

Kesi ilisikilizwa Westminster Hall tarehe 1 Julai 1535. Miongoni mwa waliokaa kuhukumu walikuwemo baba, kaka na mjomba wa Anne Boleyn. Shahidi mkuu, Richard Rich, mwanasheria wa mfalme, alidai More alitamka gerezani kwamba Bunge haliwezi kumfanya mfalme mkuu wa Kanisa. More alimkana waziwazi na kumwonyesha kuwa mwapaji wa uongo. Jopo lilichukua kama robo saa tu kumtia hatiani.

Ndipo alipofungua kinywa. Alieleza kwamba Bunge la nchi moja haliwezi kutunga sheria dhidi ya Kanisa zima la Kristo, kama vile mji mmoja usivyoweza kutunga sheria dhidi ya nchi nzima. Kisha akawaombea mahakimu: kama Paulo, aliyeshuhudia kuuawa kwa Stefano, sasa ni rafiki yake mbinguni, basi na wao wakutane huko kwa furaha.

Alipokuwa anarudishwa gerezani, Margaret alipenya katikati ya walinzi wenye silaha, akamkumbatia shingoni mbele ya watu wote. Akaachana naye, akageuka, akarudi kumkumbatia tena. Hakuwa na hotuba ya kutoa.

Tarehe 6 Julai alipelekwa kuuawa. Mfalme alikuwa ameagiza asiseme mengi. Akatii. Aliwaomba watu wamwombee, akashuhudia kwamba anakufa katika imani ya Kanisa Katoliki, akiwa mtumishi mwema wa mfalme, ila wa Mungu kwanza. Papa Leo XIII alimtangaza mwenyeheri mwaka 1886, na Papa Pius XI akamtangaza mtakatifu mwaka 1935.

Tunajifunza nini?

Kwanza, kuna kimya cha aina mbili. Kuna kimya cha woga, cha wale waliovuka upande mwingine mfalme akiwatazama. Na kuna kimya cha dhamiri, kinachokataa kutia sahihi uongo hata kwa kichwa. Kwa nje vinafanana. Kabla hujajivunia kukaa kimya kwako, jiulize ni kipi.

Pili, kumwachia mwingine nafasi ya kusema ni tendo la imani kwamba Roho Mtakatifu anaweza kumtumia hata yule asiyejua kupanga maneno. Kwenye jumuiya, kwenye mkutano wa mtaa, kwenye serikali ya wanafunzi, hata kwenye group la WhatsApp la vijana wa parokia, ni mara ngapi mwenyekiti anauliza kama kuna maoni huku sura yake inasema asithubutu mtu? Wengi wetu si wafalme, lakini kila mmoja ana kikao chake kidogo anachoweza kukifanya cha woga au cha uhuru.

Tatu, kushauriana si kutengeneza ukweli kwa wingi wa kura. Ni kuutafuta pamoja. Ndiyo maana More aliliheshimu Bunge katika mambo yaliyo ya Bunge, na akalikatalia lilipotaka kuamua yaliyo ya Mungu. Mitume walifanya hivyohivyo mbele ya Baraza la Yerusalemu. Soma Matendo ya Mitume sura ya 5.

Juma hili jaribu jambo moja: katika kikao chochote utakachohudhuria, mtafute mtu asiyesikilizwa, umuulize anafikiri nini, na umwache amalize.

Tusali

Ee Mungu, uliyempa Mtakatifu Thomas More moyo mchangamfu na dhamiri iliyo wima, utupe sisi vijana wako ujasiri wa kusema ukweli kwa upendo, unyenyekevu wa kuwasikiliza wengine, na nguvu ya kutokusema uongo hata tukibanwa. Uwajalie wanaotutawala masikio yasiyoogopa ukweli. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Thomas More, utuombee.
Mtakatifu Yohane Fisher, utuombee.